Paka Mahabubu na Adabu za Sultani

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kuwatosha, palikuwa na mji ukiitwa Kitangawe, na aliyeutawala alikuwa Sultani Badawi, mtu mwenye kilemba kikubwa, tumbo kubwa na hekima ya kadiri. Raia zake walimpenda sana, hasa walipokuwa mbele yake. Mola alimjalia majumba, mashamba na watumishi, lakini katika vyote hivyo hakuna alichokipenda kama paka wake, jina lake Mahabubu.

Mahabubu alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, jicho moja la kijani na la pili la manjano, na roho mbaya iliyoenea pande zote mbili. Aliletwa na nahodha mmoja wa nchi za mbali, aliyemtoa zawadi kwa haraka ya kutiliwa shaka, kisha akang'oa nanga alasiri ile ile bila kungoja hata chakula. Tangu hapo jumba la Sultani halikujua raha. Mahabubu alirarua mapazia, akakojolea mazulia, akavunja mitungi ya maji kwa kuisukuma polepole huku akimtazama mwenye nayo usoni. Alipotaka kubembelezwa alikuja mwenyewe akajisugua miguuni pako. Ukimbembeleza alikuuma, na ukiacha kumbembeleza alikuuma kwa kuacha. Sultani alikuwa akiyaona haya akicheka mpaka machozi yakamtoka, akinena, "Mtazameni, ana damu ya kifalme huyu!" Nao watumishi, waliofungwa vitambaa vidoleni na viganjani, wakaitika, "Kweli tupu, Maulana."

Basi nyuma ya jumba hilo, ukuta kwa ukuta, palikuwa na nyumba ndogo ya mawe yenye paa la makuti, nyumba ya mjane aitwaye Bi Mwanakheri na mwanawe Mshamu. Mshamu alikuwa msuka mikeka, na umaskini wake ulikuwa wa kweli, si ule wa wanaoulalamikia wakiwa wameshiba. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa aliyachukua maneno kama yalivyosemwa. Siku moja Waziri Daruweshi, mkono wa kuume wa Sultani, alimfokea sokoni akisema, "Toka mbele ya macho yangu!" Mshamu akatii palepale, akaenda akasimama nyuma ya Waziri, akamfuata kisogoni soko zima mpaka mlangoni kwake. Waziri hakuisahau siku hiyo, ingawa alijitahidi watu wengine waisahau.

Sasa Sultani aliitamani nyumba ile ajenge banda la farasi. Farasi hakuwa naye, lakini alikuwa na nia ya kuwa naye, na kwa mtu mkubwa nia inatosha. Kizuizi kilikuwa Kadhi Mufadhili, mzee mkongwe na mwembamba, aliyeshika sheria kwa mikono miwili na kusema mjane hatolewi nyumbani mwake bila kosa. Ikawa Sultani na Waziri wanalisubiri kosa kwa hamu, jinsi wengine wanavyousubiri mwezi mwandamo.

Siku moja Bi Mwanakheri alikuwa uani akichoma changu mmoja, mnono, aliyepewa na jirani. Mahabubu akaruka ukuta, akatua penye jiko, akamkwapua samaki juu ya makaa, akampiga Bi Mwanakheri kucha ya mkono kwa kumchelewesha, kisha akapanda tena ukutani akala hapohapo juu wakimwona. Mshamu alipotoka na kuona damu mkononi mwa mamaye, hasira zilimpanda akapaza sauti, "Paka huyu hana adabu hata chembe!" Ng'ambo ya ukuta alikuwapo Waziri. Hakuwa akisikiliza ya watu, la hasha. Alikuwa tu ameegemeza sikio ukutani akipunga upepo.

Kulipokucha Mshamu akaitwa barazani. Akamkuta Sultani juu ya mito, Waziri kushoto kwake, Kadhi kulia, wazee wa mji wamejipanga, na Mahabubu amelala juu ya joho jipya la Waziri, ambaye alikuwa akitabasamu kwa taabu.

"Ewe Mshamu," akanena Sultani, "imetufikia habari kwamba umemtukana Mahabubu."

"Nashika miguu, Maulana. Sikumtukana. Nilimweleza alivyo."

"Alisema hana adabu!" akadakia Waziri. "Hata chembe!"

"Paka wangu mimi, hana adabu?"

"Huenda anazo, Maulana," akajibu Mshamu, "ila siku ile alizisahau nyumbani, akaja na kucha peke yake."

Wazee wa baraza wakashikwa na kikohozi wote kwa pamoja. Waziri akainama akamnong'oneza Sultani sikioni maneno marefu, na uso wa Sultani ukang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa jivu. Akajiweka sawa, akanena, "Vyema. Maadamu wewe ni mjuzi wa adabu kuliko sisi, tunakukabidhi Mahabubu ukae naye Ramadhani hii yote. Umfundishe adabu. Siku ya Idi utamleta karamuni, mbele ya wageni, naye atakula sinia moja nasi. Akionekana hana adabu, wewe na mamako mtahama nyumba ile kabla jua halijatua, kwa kosa la kumtukana paka wa Sultani na kushindwa kumfundisha. Na akikonda, akipotea, au akipigwa, hata kwa ukuti, mtahama vilevile."

Kadhi Mufadhili akainua kichwa taratibu, akauliza, "Na akionekana anazo, Maulana?"

Hilo Sultani hakulifikiria, kwa kuwa Waziri hakulinong'ona. "Akionekana anazo," akasema kwa ukarimu wa mtu anayejua hatatoa kitu, "nyumba ni yao, wao na vizazi vyao, wala mimi sitaitaja tena."

Mshamu akamtazama Mahabubu juu ya joho. Alimjua paka yule, na alijua kwamba tangu dunia iumbwe hakuna aliyemfundisha paka jambo ambalo paka mwenyewe hakulitaka. Aliogopa kwa kweli, si kwa ajili yake, kwa maana msuka mikeka hulala popote penye mkeka, bali kwa ajili ya mamaye. Hata hivyo aliinama akauliza, "Maulana, adabu ziko namna nyingi. Ziko za wavuvi, ziko za mafundi, ziko za Mzee Kadhi. Nimfundishe zipi, nisije nikakosea?"

"Za wavuvi!" Sultani akafura. "Jumbani mwangu! Mfundishe adabu zangu mimi! Akae kama nikaavyo, ale kama nilavyo, awapokee watu kama niwapokeavyo. Wageni wakitutazama, mimi na yeye, wasione tofauti. Kwani mji huu una adabu nyingine zaidi ya zangu?"

"Hakuna, Maulana!" baraza zima likaitika.

"Wasione tofauti," Mshamu akayarudia maneno polepole. "Wazee wangu, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika tena, kwa kuwa walikuwa wamekwisha shika mwendo wa kuitika.

"Basi Maulana uniruhusu nije mara kwa mara nikutazame, maana mwalimu hafundishi asichokijua."

Neno hilo lilimkuna Sultani mahali pazuri. "Ruhusa umepata," akasema. "Njoo utazame, ushibe."

Mshamu akarudi nyumbani na Mahabubu ndani ya kikapu, na ile njia fupi ilitosha paka kukitoboa kikapu na kuitoboa kanzu. Bi Mwanakheri alikuwa mlangoni.

"Huyo nani?"

"Mwanafunzi, mama."

Alipomaliza kumweleza, mamaye alikaa kizingitini. "Mshamu mwanangu," akasema, "huo ulimi wako utatulaza nje. Mimi niliolewa nyumba hii. Nilikuzaa chumba kile. Babako alitolewa kwa mlango huu akiwa amebebwa, nami nilitaka nitolewe kwa mlango huu huu, kwa siku aliyoipanga Mungu. Leo nitolewe kwa ajili ya farasi asiyekuwapo?"

Mshamu alikiweka kikapu chini. Alichukua ufagio akafagia ua ambao ulikuwa umekwisha fagiwa.

Basi wakaanza kuishi na Mahabubu, au tuseme Mahabubu akaanza kuishi nao, na kuwavumilia. Kwanza alichagua kitanda cha Bi Mwanakheri, akajinyosha katikati yake kwa marefu na mapana, na bibi wa watu, aliyezoea kuogopwa na mtaa mzima, akawa anapiga hodi kuingia chumbani mwake mwenyewe. Mshamu alipoanika ukindu uliotiwa rangi, paka alijiviringisha ndani yake, akatoka ana mistari myekundu na zambarau, kisha akaenda kujipangusa kwenye shuka nyeupe ya kuswalia. Alijificha nyuma ya mtungi akavizia vifundo vya miguu. Usiku hakulala wala hakulaza mtu, na mchana, walipokuwa wamefunga na kiu imewabana, alijilaza akakoroma.

Kila Ijumaa askari wa jumba alitumwa kumkagua kama amekonda. Alimpapasa mbavu mara moja, akaumwa mara mbili, akasema huku akinyonya kidole, "Mzima huyu, mashallah," akaondoka mbio. Walioonekana kukonda walikuwa wenye nyumba, lakini hao hawakuwamo katika amri.

Msidhani kwamba Mshamu hakujaribu. Alijaribu kwa moyo safi. Adhana ya magharibi ilipokaribia alitandika mkeka, akaweka sahani ya muhogo wa nazi na kipande cha samaki, akamkalisha paka mbele yake, akamwambia kwa upole, "Mahabubu, sikiliza. Kwetu hamna anayepeleka mkono kabla ya mkubwa. Nasi tunaanza kwa bismillahi." Hakufika hata kwenye herufi ya pili, samaki alikuwa amekwisha ondoka. Siku ya pili alisema, "Mahabubu, mtu hula mbele yake. Hicho ni cha mama, hiki ni changu, chako hicho hapo." Paka akamtazama yeye, akaitazama sahani, akaonekana kuamua kwamba kila kilichoko chini ya mbingu kiko mbele yake. Akaanzia cha mama.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," akanena Bi Mwanakheri, akifunga kidonda. "Huyu alishakauka, mwanangu. Nenda kaombe msamaha."

"Nikaombe nini, mama? Bei ya msamaha wa jumbani ni nyumba hii hii."

Hapo ndipo Mshamu, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, alipoikumbuka ruhusa yake, akaenda jumbani kutazama adabu za Sultani. Akakaa kwenye nguzo, mahali ambapo watu wadogo hukaa, akatazama.

Alifika wakati wa kusikiliza mashtaka ya watu. Sultani alikuwa amengojwa tangu asubuhi. Alipoingia hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mto ulio laini kuliko yote, akauzunguka, akaubonyeza, akajitupa. Wazee wakamtolea salamu, naye akajibu kwa kugeuza shingo upande wa pili. Mwanamke mmoja alianza kulia habari za shamba lake lililochukuliwa. Alipofika katikati Sultani alipiga mwayo mkubwa, akafumba macho. Mtumishi aliyempepea upande wa kushoto alipigwa kofi kwa kumpepea, na yule wa kulia alipigwa kwa kutompepea. Mshamu, pale kwenye nguzo, akajikuta anajipapasa mkono penye alama za kucha.

Kisha yakaja maakuli ya kufuturu. Kitangawe, kama miji mingine yenye watu, ina desturi zake za sinia. Anayetangulia ni mkubwa kwa umri. Kila mmoja hula upande wake. Na samaki akiwekwa mzima, kichwa ni haki ya mzee kuliko wote. Katika sinia la Sultani mzee kuliko wote alikuwa Kadhi Mufadhili, na kwa desturi chewa mkubwa aliwekwa kichwa kikimwelekea yeye. Adhana haijatoka, Sultani alikuwa anatafuna. Ilipotoka, mkono wake ukavuka wali, ukavuka mchuzi, ukapita mbele ya Waziri, ukakinyakua kile kichwa chini ya pua ya Kadhi. Hakuna aliyeshtuka. Kadhi alishusha macho akala wali wa upande wake, na Mshamu akaelewa kwa nini mzee yule alikuwa mwembamba namna ile. Alikuwa amekula sinia moja na Sultani miaka yote hiyo.

Mshamu alirudi nyumbani kwa hatua nyepesi. Akamkuta Mahabubu amelala ndani ya kikapu cha ukindu, ameutupa nje mkeka uliokuwa nusu ya kusukwa. Akamchuchumalia, akamtazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi.

"Mama," akasema, "kazi imekwisha."

"Umepata vipi kumfundisha, na umeshinda huko kutwa?"

"Sikumfundisha. Niliyeletewa si mwanafunzi. Huyu amekwisha hitimu siku nyingi."

Bi Mwanakheri akamshika mwanawe paji la uso, akidhani saumu imemzidi. Lakini tangu siku hiyo Mshamu hakumkataza paka jambo lolote. Alisuka mikeka yake na kujifunga vidonda, na mamaye akaendelea kufunga vitu vyake kimoja kimoja katika vitambaa, tayari kwa kuhama, akilia kidogo kila alipofunga kimoja.

Idi ikaingia. Ukumbi wa Sultani ukajaa wazee wa mji, wageni wa miji jirani, na mfanyabiashara mmoja mkubwa wa ng'ambo ambaye Sultani alitaka sana amwone kuwa ni mtu wa kuheshimika. Wote walikaa kitako wakangoja. Sultani alichelewa mpaka wali ukaacha kutoa mvuke. Alipokwisha kaa, watu wakadhani wamemaliza kungoja, kumbe Mshamu na paka bado. Walikuja baadaye kabisa, Bi Mwanakheri nyuma yao amejitanda buibui, akasimama karibu na mlango.

"Umechelewa!" akafoka Waziri.

"Mimi nilikuwa tayari tangu alfajiri," akajibu Mshamu. "Aliyechelewa ni mwenyewe. Hatoki mpaka ajue watu wamengoja vya kutosha."

Akamweka Mahabubu chini. Paka hakumtazama mtu. Alitembea juu ya miguu ya wageni, akaupita mto huu na huu, akaufikia ule laini uliokuwa kando ya Sultani, akauzunguka, akaubonyeza, akajitupa. Kadhi Mufadhili, mtu wa heshima hata kwa wanyama, akamwambia, "Idi njema, Mahabubu." Paka akageuza shingo upande wa pili. Mmoja wa wageni akasimama kutoa hotuba ya kumsifu Sultani, hotuba ndefu yenye Kiarabu kingi, na ilipofika katikati Mahabubu akapiga mwayo ulioonyesha meno yote, akafumba macho. Sultani naye, aliyekuwa amekwisha fumba yake, hakuuona.

Kisha likaletwa sinia kuu, na juu yake chewa wa kupaka, mzima, anang'aa kwa nazi na ukwaju, kichwa kikimwelekea Kadhi. Kadhi akakunja mkono wa kanzu, akafungua kinywa aseme bismillahi. Mkono wa Sultani ukavuka wali, ukavuka mchuzi, ukakitwaa kichwa. Wakati ule ule mkono mwingine, wa rangi ya majivu, ukavuka kutoka upande wa pili, ukachomoa mnofu wa tumbo mbele ya Waziri, na kucha iliyobaki bila kazi ikapita juu ya mkono wa Waziri ikaacha mistari.

Waziri Daruweshi akaruka. Alikuwa ameingoja saa hii mwezi mzima, na furaha ilimzidi kuliko maumivu. "Mmeona!" akapiga kelele. "Mashahidi nyote mmeona! Anawatangulia wazee! Anapeleka mkono mbele ya mwenziwe! Anachukua kisicho chake! Asalimiwa haitiki, watu wanena naye alala! Naapa, anayekula namna hii hana adabu, hakulelewa, wala hafai kukaa na watu!"

 Mfanyabiashara wa ng'ambo alimtazama Waziri, kisha akamtazama paka, kisha macho yake yakamhamia Sultani Badawi, aliyekuwa na kichwa cha chewa nusu mkononi na nusu mdomoni. Na kila mtu akatazama alikotazama mgeni.

"Waziri, polepole," akasema Mshamu kwa upole. "Maulana bado anatafuna, asije akapaliwa."

Waziri akaanza kuelewa alichokisema, na rangi ikamtoka usoni. "Namsema... namsema paka," akanena.

"Bila shaka," akasema Mshamu. Akamtupia jicho mamaye, aliyekuwa pale mlangoni ameshika nguzo, kisha akapiga goti. "Maulana, uliniamuru nimfundishe adabu zako, si za wavuvi. Akae kama ukaavyo, ale kama ulavyo, wageni wasione tofauti. Baraza lilisikia. Basi nawaomba wazee na wageni: aliyeona tofauti aitaje, nami nitahama jua halijatua. Waziri ameona makosa mengi, naye ni mtu mkubwa. Aseme tu ni lipi kati ya hayo alilolifanya paka pasipo kumfuata Maulana."

Waziri akatafuta neno kwenye dari, hakuliona. Akisema paka ana adabu, ni kujitia uwongoni mwenyewe; akisema hana, amekwisha mtukana bwana wake mbele ya mgeni. Akakaa chini. Alikaa juu ya mchuzi, lakini hakuwa na moyo wa kuinuka tena.

Ndipo Kadhi Mufadhili akasafisha koo. Mzee yule alikuwa na miaka mingi ya kushusha macho, na sasa aliyainua. "Mimi ni mzee, macho yangu yamepungua nguvu," akanena. "Lakini sinia hili nalijua. Nimetazama kwa makini, kwa haki na kwa njaa. Sioni tofauti. Hukumu yangu, sharti limetimia. Nyumba ni ya Bi Mwanakheri."

Sultani Badawi akawa mwekundu, kisha akawa na rangi ambayo haina jina. Watu walimwona akihema, wakamwona akimtazama Mahabubu, ambaye alikuwa amemaliza mnofu na sasa amenyoosha mkono wake taratibu kuelekea kile kichwa cha chewa, huku akimkazia macho usoni. Sultani akakivuta kichwa upande wake. Paka akakivuta upande wake. Wakavutana hivyo kwa kitambo, uso kwa uso, mmoja akinguruma, na mgeni wa ng'ambo baadaye aliapa kwamba hakutambua ni yupi aliyenguruma.

Pale mgeni alishindwa kujizuia, akacheka. Alicheka kicheko cha mtu asiyekuwa na nyumba katika mji ule. Sultani akageuka kwa ghadhabu kumtazama, akajiona alivyoinama juu ya sinia, ndevu zimejaa nazi, anagombea kichwa cha samaki na paka, na ghadhabu ikakosa pa kushikilia. Akakiachia. Kabla paka hajakitwaa, alikinyanyua tena, akakiweka mbele ya Kadhi Mufadhili, akasema kwa sauti ndogo ambayo watu wa Kitangawe hawakuwahi kuisikia, "Mzee wangu, tangulia wewe."

Kadhi akasema bismillahi. Akala kile kichwa polepole, shavu hili na shavu hili, na jicho, na utosi, na watu wazima wakakaa wakimtazama na baadhi yao wakafuta machozi. Ukumbi mzima ulingoja mpaka aliponyonya mfupa wa mwisho.

Kisha Sultani akanena, "Mshamu, nyumba ni yenu. Nimesema, na hapa nasema tena mbele ya wageni, sitaitaja."

Pale mlangoni Bi Mwanakheri akakaa chini ghafla, akajifunika uso kwa ncha ya buibui. Mshamu naye akashika miguu ya Sultani, safari hii kwa kweli, akasema, "Mungu akuzidishie, Maulana. Sasa mpokee mwanao, mimi nimemaliza kazi."

Sultani akamtazama Mahabubu, na Mahabubu, aliyenyimwa kichwa, akaunyoosha mkono wake taratibu akausukuma mtungi wa sharubati mpaka ukaanguka, ukapasuka, ukammwagikia Waziri. Kicheko kikaanza chini ya tumbo la Sultani kikapanda mpaka kilemba kikatikisika.

"La, ewe Mshamu," akasema. "Rudi naye nyumbani. Wa tabia hii, jumba langu linatoshwa na mmoja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kitangawe, kwa aliyetaka kujua. Jioni ile mama na mwana walipita njia fupi ya nyuma ya jumba, kikapu kilichotobolewa kikiwa kati yao, na ndani yake kukatoka mlio wa mtu asiyeridhika. Bi Mwanakheri alifungua mlango wake, akagusa kizingiti kwa mkono, akamshukuru Mungu. Kisha akasimama kando, akamwacha paka atangulie kuingia.